Pikipiki Moja, Hospitali Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Majeruhi Wawili

Matangani huko Vihiga, baba mdogo wa marehemu alipewa kipaza sauti akasema lile ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona tangu mwili utoke mochari. Watu wawili walikuwa juu ya pikipiki moja. Gari moja likawagonga, mahali pamoja, dakika ileile. Aliyepelekwa hospitali ndogo ya karibu yuko hai. Aliyekimbizwa hospitali kubwa ya rufaa ndiye tuliyekuja kumzika. "Sasa wanangu, ukubwa wa hiyo hospitali ni wa nini?" aliuliza, na watu wakamwitikia.

Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, na wiki chache baadaye faili zote mbili zilisomwa kwenye kikao cha kupitia vifo na majeraha ambacho huwa nahudhuria. Hesabu ya mzee haikuwa na kosa. Hospitali ya ngazi ya 4, ile ndogo ya karibu: mgonjwa mmoja, vifo sifuri. Hospitali ya rufaa: mgonjwa mmoja, kifo kimoja. Asilimia 0 kwa asilimia 100. Ripoti zinazosomwa kwenye ofisi za afya zinamzidi mzee kwa wingi wa wagonjwa tu. Mantiki ni ileile: wanahesabiwa waliotoka hai na waliotoka wakiwa maiti, basi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Katika kisa hiki, aliyekufa alihudumiwa vizuri kuliko aliyepona. Hospitali sitazitaja, na mambo madogomadogo ya wahusika nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Barabarani

Ajali ilitokea saa 12:40 jioni kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, kama kilomita 30 kutoka mjini Kisumu. Pikapu ilikuwa ikilipita lori, ikakutana uso kwa uso na bodaboda. Mwendeshaji alikuwa kijana wa miaka 26, amevaa helmeti. Abiria wake alikuwa mama wa miaka 43, muuza omena na nyanya, akirudi nyumbani kutoka sokoni. Kijana alipigwa na usukani wa pikipiki tumboni na ubavuni kabla ya kurushwa. Mama aligongwa mguu wa kulia na bampa ya gari.

Watu walijaa upesi, kama kawaida. Mama alikuwa akipiga mayowe, mfupa wa muundi umetokeza, damu inaonekana, nyanya zimetapakaa lami nzima. Kijana alikuwa ameketi kando ya barabara ameshika ubavu wa kushoto, akiwaambia watu kwamba yeye hajambo, wamletee maji tu. Basi wote wakamkimbilia mama. Walimfunga mguu kwa leso, wakampakia kwenye tuktuk na kumpeleka hospitali ya ngazi ya 4 iliyo kama kilomita nne kutoka pale. Alifika saa 1:10.

Anayefanya kazi ya dharura ataitambua picha hii papo hapo. Anayelia ana pumzi ya kulilia. Anayeomba maji kwa sauti ndogo, ngozi yake ikiwa baridi na jasho likimtoka, ndiye wa kumwangalia kwanza. Lakini umati haukufundishwa hivyo, na siwezi kuulaumu.

Baada ya kama dakika ishirini kijana alitapika, akalala chini, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Hapo hofu ikawaingia, na hofu hiyo ndiyo iliyomchagulia hospitali: "Huyu ni wa Kisumu." Alipatikana mwenye Probox, yakafuata mazungumzo ya mafuta, kisha kijana akalazwa kiti cha nyuma amekunjwa, kichwa kikiwa mapajani mwa rafiki yake. Gari lilipita njia panda ya kwenda hospitali ileile alikokuwa mama. Mbele kidogo walisimama kwenye kliniki ya kibinafsi. Mhudumu alitoka na tochi ya simu, akachungulia dirishani, akasema, "Mpelekeni mbele, hapa hatuna oksijeni." Hakuna aliyempima presha, hakuna karatasi iliyoandikwa, wala simu haikupigwa kokote. Msongamano wa magari pale Otonglo, karibu na mji, uliwala dakika nyingine kumi na kitu. Walifika hospitali ya rufaa saa 2:05 usiku, dakika 85 baada ya ajali.

Niseme neno moja kuhusu kliniki ile kabla sijaiacha. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kwamba matibabu ya dharura yanaanza kabla ya kufika hospitali, na yanajumuisha kumtuliza mgonjwa hali yake na kumpangia uhamisho pale ambapo huduma haipo. Kukosa oksijeni si kosa. Kumwambia dereva "mpelekeni mbele" bila hata kumwekea mgonjwa sindano ya maji mkononi ni kumwachia mwenye Probox kazi ya hospitali.

Saa saba za kijana

Vipimo vya kwanza viliandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi yake: presha 70 kwa 40, mapigo ya moyo 138 kwa dakika, anapumua mara 34, anaitikia akifinywa tu. Upande wa kushoto wa kifua haukuwa ukiingiza hewa vizuri. Ndani ya dakika kumi alikuwa na oksijeni na mishipa miwili mikubwa imefunguliwa. Mashine ndogo ya ultrasaundi iliwekwa tumboni, ikaonyesha weusi pale ambapo hapapaswi kuwa na weusi: damu. Mrija ulitiwa kifuani. Alipewa gramu moja ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, kisha painti mbili za damu ya kundi O bila kusubiri kulinganisha kundi. Saa 2:50 alikuwa thieta. Dakika 45 kutoka langoni hadi kisu, usiku, katika hospitali ya umma: waliokaa kwenye kikao wanajua uzito wa namba hiyo.

Daktari wa upasuaji alikuta wengu umepasuka vipande viwili na ini limechanika. Aliondoa wengu, akalipakia ini vitambaa ili kulikandamiza, akaacha tumbo wazi kwa makusudi ili arudi baada ya siku moja au mbili hali ikitengemaa. Huo ndio upasuaji unaofundishwa kwa mgonjwa wa aina hii: zuia damu, zuia uchafu, toka haraka, umalizie kesho. Lakini joto la mwili lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 33.8, na damu ilikuwa ikichuruzika hata kwenye tundu za sindano. Alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa ametumia painti sita. Akafariki saa 9 usiku.

Madaktari huita hali hii utatu wa mauti, na ni vyema msomaji aelewe unavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo jibu la mzee wa matangani lilipojificha. Mtu akivuja damu kwa muda, viungo hukosa oksijeni na damu huwa na tindikali. Damu iliyopotea hutoka na joto lake, na mwili hupoa hata hapa kwetu kwenye jua. Damu iliyopoa na yenye tindikali haigandi. Damu isiyoganda huvuja zaidi, na mzunguko unaanza upya. Ukishaingia ndani yake, unaweza kuwa na daktari bingwa, thieta na damu ya kutosha, na bado ukashindwa. Kijana aliingia kwenye mzunguko huo barabarani, si thieta. Cheti cha kifo kilisema alikufa hospitali ya rufaa, na ni kweli, kwa maana kwamba hapo ndipo moyo ulipozimika.

Kupima ugonjwa kabla ya kupima hospitali

Jambo la kwanza kikao kilifanya ni kuwapa wote wawili alama za Kampala. Kipimo hiki kilibuniwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu vile vya Ulaya na Marekani vinadai picha na maelezo ya kila kiungo kilichoumia, mambo ambayo hospitali zetu nyingi hazina usiku wa manane. Alama za Kampala zinahitaji vitu vitano tu: umri, presha, kasi ya kupumua, hali ya fahamu, na idadi ya majeraha mazito. Jumla ya juu ni 16, ya chini ni 5. Mwenye 14 kwenda juu ameumia kidogo, 11 hadi 13 ni wastani, chini ya 11 ni hali mbaya.

Mama: umri 2, presha 118 inampa 4, anapumua mara 22 anapata 3, yuko macho kabisa 4, jeraha zito moja 2. Jumla 15.

Kijana: umri 2, presha 70 inampa 3, anapumua mara 34 anapata 2, anaitikia maumivu tu 2, majeraha mazito mawili 1. Jumla 10.

Hapo ulinganisho wa matangani unavunjika. Hawa hawakuwa wagonjwa wawili walio sawa walioenda hospitali mbili tofauti. Mmoja alikuwa mtu ambaye kwa kipimo hicho alitazamiwa kuishi popote angepelekwa, na mwingine alikuwa mtu ambaye kila dakika ilikuwa ikimtoa duniani. Umati uliwagawa kwa ukubwa wa ugonjwa (umechelewa, lakini uliwagawa), na ugonjwa mkubwa ukaenda hospitali kubwa. Hospitali inayopelekewa wanaokufa itazika wengi kuliko inayopelekewa waliovunjika mguu. Hii si siri ya Kisumu. Nakuru iko hivyo, Eldoret iko hivyo.

Marekani nako ndivyo. Mwaka 2006 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Ellen MacKenzie na wenzake waliolinganisha hospitali 18 zenye vituo vya majeruhi vya daraja la juu na hospitali 51 zisizo na vituo hivyo, katika majimbo 14. Ukitazama vifo vivi hivi bila kurekebisha chochote, vituo vikubwa vinaonekana vibaya, kwa sababu ileile ya Probox yetu. Walipozingatia umri, maradhi mengine na uzito wa majeraha, picha iligeuka: waliofia hospitalini walikuwa asilimia 7.6 kwenye vituo vya majeruhi, dhidi ya asilimia 9.5 kwingine. Hawakuishia langoni. Waliwafuatilia wagonjwa mwaka mzima, na pengo likaongezeka: asilimia 10.4 dhidi ya 13.8. Yaani ukiwa umeumia vibaya, kituo kikubwa kilipunguza hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja kwa robo nzima.

Namba hizo ni za kule, na haziwezi kuhamishiwa hapa kwa kunakili. Kwanza madaraja yao yamepinduliwa ukilinganisha na yetu: kwao namba 1 ndiyo ya juu kabisa, kwetu 6 ndiyo ya juu na 1 ni huduma ya kijijini. Lililo zito zaidi ni kwamba daraja lao ni ahadi ya majeruhi peke yake. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Marekani hukagua: mgonjwa mahututi akifika kwenye kituo cha daraja la 1 au la 2, daktari bingwa wa upasuaji awe kando ya kitanda ndani ya dakika 15, na daraja la 3 ndani ya dakika 30. Ngazi zetu zilipangwa kwa huduma zote kwa jumla, kuanzia kliniki ya wajawazito hadi saratani. Ngazi ya 5 inakuambia wodi gani zipo. Haikuambii kama mtaalamu wa usingizi yuko jengoni saa tano usiku, wala kama mashine ya CT, ya kupiga picha za ndani ya mwili, inafanya kazi wiki hii. Kwa hiyo anayeuliza "ngazi gani inaokoa majeruhi wengi" hapa Kenya anauliza kuhusu kibao cha langoni. Mimi ningependelea kuuliza kuhusu dakika.

Mama aliyepona

Faili la mama lilikuwa jembamba, na karibu lipitwe. Kikao ni cha vifo kwanza, na huyu yuko hai. Aliyeliinua ni mfanyakazi wa viungo, yule anayewafundisha wagonjwa kutembea tena, aliyesema kwa upole kwamba anamfahamu huyu mama kwa jina la mtoto wake, kwa sababu amekuwa akimwona kila mwezi.

Usiku ule hospitali ya ngazi ya 4 ilikuwa na afisa wa kliniki mmoja na wauguzi wawili, na upande wa pili kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akijifungua kwa shida. Mama alioshwa kidonda kwa chupa moja ya nusu lita ya maji ya chumvi. Kidonda kikashonwa palepale kwa ganzi ya sindano, kikafungwa kikazibwa kabisa, na mguu ukatiwa plasta nzima kuanzia pajani hadi vidoleni. Sindano ya kwanza ya antibiotiki iliandikwa kuwa imetolewa saa 5 usiku, zaidi ya saa nne baada ya ajali.

Kwa macho ya mtu wa kawaida kazi ilikuwa safi. Mfupa haukuonekana tena, damu imekoma, plasta nyeupe inang'aa, na ndugu walishukuru kwa dhati. Lakini mfupa uliotoka nje ya ngozi na kugusa lami umeshabeba udongo. Antibiotiki inatakiwa ndani ya saa ya kwanza, kabla vijidudu havijajijengea makao. Maji ya kuosha hupimwa kwa lita, tatu hadi tisa kulingana na ukubwa wa kidonda, na nyama iliyokufa hukatwa thieta mgonjwa akiwa usingizini. Kidonda cha namna hii hakizibwi siku hiyo hiyo. Na plasta nzima juu yake ni sawa na kufunika chungu chenye nyama bichi: hutaona kinachooza mpaka unuse.

Siku ya tatu maumivu yalizidi. Dada yake alimwuliza muuguzi, "Sista, hii harufu ni ya dawa?" Aliambiwa wasubiri daktari wa mifupa anayetembelea Jumatano. Jumatano hakuja. Siku ya sita mama aliandikiwa barua ya rufaa. Plasta ilipopasuliwa hospitali ya rufaa, usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Aliingia thieta mara kadhaa, akafungwa vyuma vya nje, familia ikauza mitamba miwili, na kikundi cha akina mama sokoni kikachanga kilichobaki. Sasa umepita mwaka na zaidi. Anatembea kwa gongo. Kuna tundu dogo kwenye muundi linalofunga na kufunguka, likitoa majimaji, na kila linapofunguka anajua homa iko njiani. Kibanda chake sokoni kina mwenyewe mwingine.

Kitabu cha hospitali ya ngazi ya 4 kinasema: "Amehamishwa. Hali: hai." Kitabu cha hospitali ya rufaa kinasema alipokelewa na uambukizo wa mfupa. Kwa hiyo mwisho wa robo mwaka, hospitali ya rufaa ilikuwa na kifo kimoja na mfupa mmoja uliooza, na ngazi ya 4 ilikuwa haina doa. Wagonjwa wote wawili, mabaya yote mawili, yaliandikwa kwa yule aliyeyapokea wala si pale yalipoanzia. Nimesoma ripoti nyingi, na sijawahi kuona safu ya hesabu inayodanganya kwa unyoofu kiasi hiki.

Alama zake zilikuwa 15 kati ya 16. Kipimo cha Kampala hakikukosea. Kiliundwa kutabiri nani atakufa, na kilitabiri kwamba hatakufa. Hakikuahidi mguu. Na katika barabara zetu, kwa kila anayekufa wako wengi wanaobaki na mguu kama huu, lakini hawa hawana siku ya matanga ambapo mtu atauliza swali kwa kipaza sauti.

Je, angesimama ngazi ya 4?

Swali la mzee, likiondolewa hasira, ni la haki: lile gari lingekata kona pale njia panda, kijana angekuwa hai? Kikao kilibishana hapa kwa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Tulitaka kujua ni nini hasa kilikuwepo usiku ule. Thieta ipo, hutumika kwa upasuaji wa uzazi. Daktari wa zamu alikuwa akiitwa kwa simu. Mtaalamu wa usingizi anakaa dakika kumi na tano kutoka hapo. Friji ya damu ilikuwa na painti mbili, zote za kundi A. Kijana alikuwa O, ambaye hawezi kupewa A. Kupasua tumbo lililojaa damu bila painti hata moja ya kurudishia ni ujasiri ambao huishia mezani. Kwa hiyo wale waliosema "wangempasua tu pale" sikukubaliana nao. Angefia karibu na nyumbani.

Ila kufika kwenye kisu si kitu pekee ambacho hospitali inaweza kukupa. Pale angefika kabla ya saa 1:30. Oksijeni ilikuwepo. Mrija wa kifua afisa wa kliniki anaweza kuutia. Blanketi zipo. Na asidi ya traneksamiki ilikuwepo pia, jambo ambalo lilitushangaza, mpaka muuguzi wa wodi ya uzazi alipoeleza: inakaa kwenye kabati lao, kwa wanaovuja damu baada ya kujifungua, ambao Shirika la Afya Duniani linapendekeza wapewe. Chumba cha dharura, hatua chache kutoka hapo, hakikuwa na hata chupa moja.

Dawa hiyo si ya kifahari. Utafiti mkubwa ulioitwa CRASH-2, uliochapishwa 2010 ukiwa na majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba inapunguza vifo, kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba faida ni kubwa zaidi ndani ya saa ya kwanza, na ikishapita saa ya tatu, kwa anayevuja damu, inaweza hata kudhuru. Kijana aliipata baada ya dakika zaidi ya 90. Ngazi ya 4 ingempa katika saa ya kwanza.

Kisha kuna simu. Dakika moja ya simu kutoka ngazi ya 4, "tunakuletea kijana, tumbo lina damu, presha 80, mrija umewekwa," na thieta ya rufaa inaanza kupashwa moto kabla ambulensi haijatoka langoni. Badala yake alifika kwenye kiti cha nyuma bila jina.

Nadhani, na hili ni la kwangu, kwamba kusimama kwa robo saa pale ngazi ya 4, kisha safari ya ambulensi yenye muuguzi ndani, vingempa nafasi ambayo hakuwa nayo alipofika. Nusu kwa nusu? Sitasema namba. Wenzangu wawili walishikilia kwamba robo saa ingegeuka saa nzima, kama inavyogeuka mara nyingi: faili lifunguliwe, dereva wa ambulensi atafutwe, mafuta yaidhinishwe. Nao wana hoja. Kusimama ngazi ya chini kunaokoa tu pale ambapo wenye zamu wanajua mgonjwa amesimamishwa hapo kwa ajili ya nini. Wakianza kumjaza maji ya chumvi baridi lita baada ya lita ili presha ionekane nzuri kwenye karatasi, wanaifanya damu iwe nyepesi na baridi, na wanamkabidhi utatu ule ule wa mauti ukiwa umeiva.

Kuna jambo moja zaidi kwenye hesabu hii ambalo lilinikosesha raha. Msongamano wa Otonglo ungekuwa mrefu kwa nusu saa, kijana angefia kwenye Probox. Angeandikwa "amefikishwa akiwa ameshafariki," asingelazwa, na takwimu za wodi za hospitali ya rufaa zingekuwa safi zaidi. Kwa ripoti zetu zilivyo, njia rahisi ya hospitali kuonekana bora ni wagonjwa wake wabaya wafie njiani. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, ajali moja iliua watu zaidi ya 50, wengi wao papo hapo. Hao hawaingii kwenye asilimia ya hospitali yoyote, ndogo wala kubwa. Anayelinganisha hospitali bila kuhesabu mochari na kando ya barabara analinganisha walionusurika sehemu ya kwanza ya ajali tu.

Yaliyoamuliwa

Mapendekezo yaliyotoka yalikuwa machache, na sitaki kuyatukuza. Chupa za traneksamiki ziwekwe kwenye trei ya chumba cha dharura cha ngazi ya 4. Hilo lilifanyika wiki hiyo hiyo, kwa sababu halikuhitaji saini ya mtu wa mbali. Namba moja ya simu ya chumba cha dharura cha rufaa ibandikwe ukutani, na apokee aliye zamu, si karani. Mvunjiko wowote wenye kidonda usishonwe wala kuzibwa: antibiotiki mara moja, maji mengi, kitambaa safi, plasta ya upande wa nyuma wa mguu tu, na rufaa kabla ya kupambazuka.

Alama za Kampala ziandikwe kwa kila majeruhi langoni, kwa kalamu, juu ya karatasi ya kwanza. Bila hizo, tulikubaliana, hakuna anayeruhusiwa kuleta kikaoni jedwali la vifo vya hospitali mbili na kuliita ulinganisho.

Mabishano yalirudi kwenye safu ya mwisho ya daftari. Tulitaka mgonjwa aliyehamishwa aendelee kuhesabiwa na hospitali iliyompokea kwanza, na kila majeruhi apigiwe simu siku ya 30 na mwezi wa sita: yuko hai, anatembea, amerudi kazini? Wote waliafiki. Kisha mhasibu akauliza salio la hizo simu litatoka kwenye fungu gani. Msimamizi wa wauguzi akasema fungu la mawasiliano ni la ofisi. Daktari akasema atatoa lake kwa mwezi mmoja, ila si zaidi. Mfanyakazi wa viungo, ambaye tayari huwapigia wagonjwa wake kwa simu yake mwenyewe, aliomba apewe orodha tu. Orodha anayo sasa, na jina la mama yule liko mstari wa kwanza. La fungu la salio limepelekwa kikao kijacho.